Maziwa Meupe, Siagi ya Manjano: Yote Inaanzia mu Majani

Ndugu wamemba wa koperativi, somo la leo ni juu ya jambo linaloleta maneno kila kiangazi. Mvua ikiisha kwetu Kisenge, kuanzia mwezi wa tano, maziwa yanapoteza ile rangi yake ya manjano kidogo. Mnunuzi anaangalia ndoo, anasema: "Hapa mumetia maji." Mfugaji anakasirika, na wakati mwingine wanaachana kabisa. Mara nyingi hakuna aliyetia maji. Ng'ombe amebadili chakula, basi.

Majani mabichi yako na karotini, ile ile inayopatia karoti na mafuta ya mawese rangi yake. Karotini inakaa mu mafuta, haikai mu maji. Ng'ombe anageuza sehemu yake kuwa vitamini A, na sehemu ingine inapita moja kwa moja mpaka ku mafuta ya maziwa. Mbuzi yeye anageuza karibu yote, ndiyo maana maziwa yake ni meupe hata akishinda mu majani mabichi. Lakini jua linaua karotini. Majani yaliyosimama makavu tangu mwezi wa sita hayana rangi ya kumpa ng'ombe.

Kuna tena jambo ambalo macho hayaoni. Mafuta yaliyo ndani ya majani mabichi ni kidogo, lakini mengi yake ni ya aina inayoitwa omega-3. Vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe vinageuza sehemu kubwa yake, na ile inayopona inafika ku kiwele ikiwa laini. Kwa hiyo siagi ya ng'ombe wa malisho inapakaa mukate vizuri hata asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba; ya ng'ombe wa nyasi kavu na unga wa mahindi inakuwa ngumu. Kule Masisi, mu Kivu ya Kaskazini, ng'ombe zinashinda malishoni, na maziwa yao ndiyo yanafanya ile fromaji inayojulikana kama ya Goma.

Sasa musikilize muzuri: manjano haisemi mafuta ni mengi. Maziwa meupe ya kiangazi yanaweza kuzidi ya mwezi wa kumi na moja. Majani machanga ya mvua za kwanza yana maji mengi na nyuzi kidogo, na pasipo nyuzi kiwele kinakosa kitu cha kutengenezea mafuta. Yule anayejaza ng'ombe unga laini wa mahindi bila majani ya kutosha anapata hasara hiyo hiyo, tena kwa bei kali.

Kwa hiyo maji yapimwe na kipimo cha uzito wa maziwa, siyo na macho. Kwenye joto la digrii 20, kikishuka chini ya 1,028, hapo muulize maswali. Mchanganye kwanza maziwa yote ya mkamo mmoja, juu yale ya kwanza yako na mafuta kidogo na yale ya mwisho mengi sana. Anayemwachia ndama yale ya mwisho ajue amemwachia siagi. Si vibaya, ndama naye anakula.

Kazi yenyewe ifanyike mbele ya kiangazi. Mu mwezi wa nne, mukate majani yangali mabichi, muyakaushe chini ya kivuli, rangi ibaki. Matete yakatwe yakifika kama metre moja, yasiachwe kuwa miti. Matembele na majani ya karanga baada ya mavuno ni chakula kizuri. Na yale mabonde yenye unyevu, madembo, musiyachome moto: ndiyo malisho ya mwezi wa nane. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji karibu kilo 30 za majani mabichi kwa siku. Hata akipata theluthi yake, siagi itaonyesha. Rangi hairudi kesho yake, mungojee wiki mbili tatu.

Na wale wanaotoa utando wote kwa kufanya siagi ya kuuza, halafu wanapatia watoto maziwa yaliyobaki: vitamini A imeenda pamoja na utando. Mtoto mdogo abakishiwe kikombe chake mbele hamujaanza kutoa.