Neno la siri la kompyuta

Mji wa Pweto uko kando ya ziwa Mweru, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Mpaka wa Zambia uko karibu. Wafanya biashara huvuka, huleta bidhaa za namna nyingi, hata kompyuta. Klavye za Zambia ni za Kiingereza: mstari wa juu wa herufi huanza Q, W, E. Klavye za Kifaransa, zinazotumika sana katika Kongo, huanza A, Z, E. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini yaweza kumfungia mtu nje ya kazi yake.

Tazama karani wa wavuvi. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa na klavye ya Kifaransa. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya madeni: nani alichukua nyavu, nani amelipa kilo ngapi za samaki wakavu. Karani hakutaka kila mtu asome mambo hayo. Basi akawasha mashine, na papo hapo akabonyeza kitufe cha F2. (Mashine nyingine hutaka F10 au Delete.) Ukurasa wa matengenezo ukatokea. Akachagua neno la siri la kuwashia, akaandika “mazao” mara mbili, akahifadhi. Tangu siku ile, kompyuta ikiwashwa iliuliza neno kwanza, kabla ya kuamsha programu yo yote.

Siku moja chai ikamwagika juu ya klavye, ikafa. Fundi akaleta nyingine, ya Kiingereza. Karani akaandika “mazao”. Mashine ikakataa. Akaandika tena, polepole. Ikakataa. Mara ya tatu ikajifunga, hata ikabidi kuizima. Nje wavuvi walingoja malipo yao, na jua lilikuwa limepanda. Karani aliapa kwamba neno ni lile lile, wala hakusema uongo.

Sababu ni hii. Wakati wa kuwaka, kompyuta nyingi hazijui lugha ya klavye. Hujua tu mahali pa kitufe kilichobonyezwa, na hukihesabu kuwa cha Kiingereza. Karani alipobonyeza A ya Kifaransa, mashine ilipokea Q. Z ikawa W, na M ikawa nukta-mkato. Kioo kilionyesha vinyota tu, hivyo hakuona kitu. Neno la kweli lilikuwa ;qwqo. Fundi alifikiri kidogo, akaandika hivyo, na kompyuta ikaamka.

Mafundi wengine wangalitoa betri. Kompyuta nyingi za zamani za mezani huweka neno katika kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri ya duara ya volti 3, kama sarafu. Umeme ukikatwa na betri ikitolewa kwa muda, neno husahauliwa. Katika kompyuta nyingi za mkononi sivyo: huko fundi hutoka jasho bure. Mwizi, yeye, hana haja ya neno. Hutoa diski, huitia katika mashine nyingine na kuisoma, isipokuwa diski yenyewe imefungwa kwa maandishi ya fumbo.

Karani akabadili neno lake. Safari hii alichagua herufi zisizohama kati ya klavye mbili: “kibokotopeni”. Akaliandika katika karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akampa mzee wa wavuvi aifungie katika sanduku la fedha.

Maswali
1. Kwa nini mashine ilikataa neno “mazao”?
2. Andika herufi tatu ambazo karani aliziepuka.
3. Mwizi wa diski huzuiwa na nini?