Samaki Aliye Majini: Somo la Biashara ya Kimataifa kutoka Ziwa Mweru



Ndugu zangu wanafunzi, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kafutuma, wilaya ya Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Nilikuwa nimemaliza muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, mchepuo wa biashara za kimataifa, na somo la usimamizi wa hatari nilikuwa nimelifaulu vizuri. Jioni ya pili mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, aliniita tukae mbele ya mlango wake akaniambia: "Mwanangu, umesomea biashara. Basi nieleze, deni langu kwa tajiri limebaki kiasi gani?"

Nilimuuliza alikopa ngapi, akasema kwacha 6,000. Nikamuuliza amelipa ngapi, akasema amelipa samaki kwa misimu mitatu. Samaki kilo ngapi? Hajui. Kwa bei gani? Bei ya siku hiyo, aliyoitaja tajiri. Nilinyamaza. Pamoja na masomo yangu yote, sikuweza kumjibu.

Makala haya ni jibu nililolitafuta tangu siku ile, na nimeyaandika kama somo kwa sababu naamini wengi wetu tunaosoma biashara, uhasibu na sheria tutakutana na swali la mjomba, ama tukiwa upande wa mvuvi ama upande wa tajiri.

Makubaliano yalivyokuwa

Kwanza tuyaeleze makubaliano kwa uadilifu. Tajiri alimpa mjomba fedha taslimu kwacha 6,000 za kununulia nyavu. Masharti yalikuwa mawili: mjomba amuuzie yeye peke yake samaki wote atakaowapata mpaka deni liishe, na bei ipangwe na tajiri pale pale ufukweni. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na daftari moja tu, la tajiri.

Tajiri huyo si mtu mbaya. Ni Mwislamu mwenzetu, na Ijumaa wanaswali safu moja na mjomba. Naye pia ana watu wanaomdai, na wanunuzi wake wengine wako ng'ambo ya ziwa, Kongo, ambao humlipa kwa kuchelewa na kwa fedha nyingine. Mjomba naye si malaika. Alikiri kwangu kwamba alipoona deni haliishi, alianza kuwauzia watu wengine usiku. Hivyo kila mmoja alijiona amedhulumiwa, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Kosa liko wapi?

Kosa la kwanza ni gharar, yaani kutojulikana kwa kinachouzwa. Wanachuoni wa fiqhi wanapofundisha gharar, mfano wao mashuhuri ni ndege aliye hewani na samaki aliye majini. Samaki aliye ziwani hana mmiliki, idadi yake haijulikani, na hakuna awezaye kuahidi kumkabidhi. Mjomba aliuza "samaki wote nitakaowapata". Hiyo ni kuuza samaki aliye majini kwa maana yake halisi kabisa. Kiasi hakijulikani, bei haijulikani, na siku ya mwisho haijulikani.

Kosa la pili ni kufunga mkopo na mauzo katika fundo moja. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo. Sababu yake tunaiona ufukweni. Aliyekopesha hapati ziada kwa jina la riba, lakini anaipata kwa kununua samaki chini ya bei ya soko, kwa kuwa mdaiwa hana pa kwenda. Mkopo wenye kumletea mkopeshaji manufaa aliyoyashurutisha unaingia katika riba, hata kama daftari halina neno riba.

Si jambo la Kafutuma peke yake

Huenda msomaji akasema: haya ni ya wavuvi wadogo, biashara ya kimataifa iko wapi? Iko hapa hapa. Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka wa Zambia na Kongo. Samaki anayevuliwa upande mmoja anaweza kuliwa Lubumbashi au katika miji ya migodi ya Zambia. Mkopo unateremka kutoka kwa mnunuzi wa mbali, kupitia kwa tajiri, hadi kwa mwenye mtumbwi. Kila hatari ambayo wa juu hataki kuibeba inateremka vivyo hivyo.

Historia ya eneo hili inatupa onyo. Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilifika nchi hizi. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alipigana na Nsama katika nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Misafara kama yake ilitegemea mikopo ya wafanyabiashara wakubwa wa Zanzibar, na Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Deni lililoandikwa Zanzibar lililipwa bara kwa pembe za ndovu, na biashara ile ya misafara iliandamana na kukamata watu na kuwauza utumwani. Tusilifiche hilo kwa kuwa wahusika wengi walikuwa Waislamu. Deni lisilo na mpaka, likisafiri mbali, huishia kumlemea asiye na nguvu.

Njia iliyo sahihi: mauzo ya salam

Mvuvi anahitaji fedha kabla ya mavuno, na tajiri anahitaji uhakika wa bidhaa. Haja zote mbili ni halali, na sheria imeziwekea mlango. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza, bali aliwaelekeza kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hii ndiyo bai'us-salam: fedha sasa, bidhaa baadaye.

Masharti yake makuu ni haya:

1. Bei ilipwe yote wakati wa mkataba. Hii ni kauli ya wanachuoni wengi. Wamaliki wameruhusu ucheleweshaji mdogo wa hadi siku tatu. Kwa hiyo deni la zamani haliwezi kugeuzwa kuwa bei ya salam, kwa sababu hapo itakuwa deni kwa deni.

2. Bidhaa ielezwe aina yake, sifa zake na kiasi chake. "Gunia" halitoshi, kwa kuwa magunia hayalingani. Semeni kilo.

3. Bidhaa iwe katika dhima ya muuzaji, isifungwe kwenye chanzo kimoja. Haifai kusema "samaki wa mtumbwi huu", kama isivyofaa kusema "tende za mtende huu". Mtumbwi wake ukikosa, muuzaji anunue kwingine atimize ahadi.

4. Tarehe ya kukabidhi ijulikane, na mahali pia pale panapohitajika.

5. Bidhaa iwe inapatikana kwa kawaida itakapofika tarehe hiyo.

Wanachuoni walizungumzia hata samaki wenyewe. Al-Marghinani, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1197, ameeleza katika Al-Hidaya kwamba salam inafaa kwa samaki mkavu wa chumvi kwa uzito na aina inayojulikana, ama samaki mbichi ni katika msimu wake tu. Zambia hufunga uvuvi katika maji mengi, Mweru yakiwemo, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Anayeahidi kukabidhi samaki mbichi wa Mweru mwezi Januari ameahidi kitu ambacho sheria ya nchi inamzuia kukipata. Sharti la tano linamlinda yeye, mnunuzi wake, na ziwa pia.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano, bei zake ni za kufundishia tu. Machi 5, baada ya ziwa kufunguliwa, tajiri anamlipa mvuvi kwacha 6,000 mkononi. Mvuvi anaahidi kilo 100 za perege mkavu wa chumvi (huku kwetu perege tunamwita pale), asiyeoza, asiye na mchanga, zikabidhiwe Juni 30 katika ufuko wa Kashikishi. Bei ni kwacha 60 kwa kilo. Ikiwa siku hiyo soko ni kwacha 75, tajiri amepata faida ya halali, kwa sababu alinunua bidhaa na alibeba hatari ya bei kushuka. Mvuvi naye anajua kwamba akikabidhi kilo 100, amemaliza. Kilo ya 101 ni yake, na anamuuzia amtakaye, mchana kweupe.

Je, akishindwa kupata kilo zote? Mnunuzi anachagua: amsubiri, au avunje mauzo kwa sehemu iliyobaki na arudishiwe fedha zake za sehemu hiyo bila nyongeza.

Je, bei ikipanda kupita kiasi? Sudan, ambako benki zimetumia salam kuwapa wakulima mtaji, mikataba imekuwa na kipengele cha kuondoa dhulma: bei ya soko ikipita bei ya mkataba kwa zaidi ya theluthi, mkulima hufidiwa. Nalitaja hili ili tuone kwamba wataalamu wa leo bado wanafanya kazi juu ya mkataba huu, nao hawajauacha vitabuni.

Tajiri akitaka kumuuzia mnunuzi wa Lubumbashi kabla hajapokea samaki, asiuze zile kilo za mvuvi, maana bado hajazimiliki mkononi. Afunge salam nyingine iliyo katika dhima yake mwenyewe, isiyotegemea ile ya kwanza. AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu yenye makao Bahrain, imeieleza njia hiyo katika kiwango chake namba 10.

Samaki akivuka mpaka

Hapa ndipo masomo ya darasani yanapokutana na ufuko. Mwaka 1980 mjini Vienna ulipitishwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya bidhaa ya kimataifa. Zambia ni miongoni mwa nchi zilizokuwa za mwanzo, na mkataba ulianza kutumika Januari 1, 1988. Kongo iliyojiunga mwaka 2014 ni ile ya Brazzaville, si hii ya ng'ambo ya Mweru. Hivyo mfanyabiashara wa Nchelenge anapomuuzia mfanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa samaki wa kwenda kuuzwa tena, mkataba huo unaweza kutumika pale sheria ya Zambia inapotawala mauzo hayo, kama wenyewe hawakukubaliana vinginevyo.

Mkataba wa Vienna unataka bidhaa ilingane na kiasi, ubora na maelezo yaliyokubaliwa. Kanuni za Incoterms, zinazotolewa na Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris, ambazo toleo la 2020 lina kanuni 11, zinaeleza ni mahali gani hatari inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Boti ikizama katikati ya Mweru, hasara ni ya nani? Tazama tena masharti ya salam: sifa, kiasi, tarehe, mahali. Ni maswali yale yale.

Tofauti moja inafaa kuzingatiwa. Mkataba wa Vienna haulazimishi mauzo yaandikwe. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 2:282, inahusu kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Wanachuoni wengi wameiona amri hiyo kuwa ya kupendekezwa. Mimi, baada ya kuliona daftari la tajiri, sitakopa wala kukopesha bila karatasi mbili.

Tulivyomaliza

Kabla sijarudi chuoni tulikaa watatu, tajiri, mjomba na mimi, pamoja na mzee mmoja shahidi. Tulikubaliana kwamba kwacha 6,000 ni mkopo na kinachorudi ni 6,000 tu. Tulipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, na kila mzigo tukauhesabu kwa bei ya soko la Kashikishi kwa kadiri wote wawili walivyoikumbuka. Walipotofautiana, tuligawana katikati kwa sulhu. Mjomba alidhani amemaliza zamani. Tajiri alidhani bado anadai nusu. Deni lililobaki lilikuwa kwacha 700.

Mjomba aliomba msamaha kwa samaki wa usiku. Tajiri alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi pia nilipe msamaha wa bei." Mjomba alilipa zile 700 baada ya wiki tano, na sasa wanazungumzia salam ya msimu ujao. Nakala zitakuwa mbili.

Ndugu zangu, shahada ya biashara za kimataifa itatufikisha bandarini na kwenye mabenki. Lakini kipimo chake cha kwanza ni hiki: je, mtu wa mwisho katika mnyororo, mwenye mtumbwi, anaweza kujua deni lake limebaki kiasi gani? Kama hawezi, mkataba wetu bado ni samaki aliye majini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mjomba hakuweza kuligeuza deni lake la kwacha 6,000 kuwa mauzo ya salam?
2. Andika mkataba wa salam wa bidhaa moja ya kwenu: kahawa, mpunga, karafuu au dagaa. Taja sifa, kiasi, tarehe na mahali.
3. Muulize mzazi au jirani anayekopa kwa mazao: je, anajua siku ambayo deni lake litaisha?

Wallahu a'lam.