Kabla Hujampigia Simu Fundi wa Dawa

Wiki ya mwisho ya muhula, ukipita Kaaga, hapa Meru, asubuhi utaona jambo lile lile lango baada ya lango. Wanafunzi wanapakia masanduku yao ya bati kwenye matatu za kwenda Maua, Nkubu na Chuka. Nyuma yao anaingia mwanamume mwenye bomba mgongoni, suruali kaichomeka ndani ya gambuti. Anapuliza mabweni, jiko, ghala, maktaba na vyoo, na analipwa kwa chumba. Hakuna anayemuuliza anaua nini.

Niliketi kwenye bodi ya shule moja ya bweni upande huu wa Meru kwa miaka kadhaa, na hundi ya kazi hiyo nimeipitisha mara nyingi. Tulipuliza kila likizo, na kila muhula kunguni walikuwa wamerudi kabla ya mitihani ya katikati. Tulidhani dawa ni hafifu, tukaagiza kali zaidi. Mwishowe matroni, mama wa maneno machache, alituita uani siku ya kufungua shule, akafungua sanduku moja na kuelekeza tochi kwenye bawaba. "Wazee wangu," akasema, "hawa hawakulala hapa. Wameshuka kwenye matatu pamoja na watoto."

Tulikuwa tumenunua sumu kwa kufuata kalenda. Ndiyo kasoro ya taasisi nyingi za umma, ziwe shule, zahanati, soko au ofisi ya chifu. Dawa hupigwa kwa sababu tarehe imefika na pesa ziko kwenye bajeti, wala si kwa sababu kuna mdudu aliyeonekana. Haya yafuatayo ni kwa mwalimu mkuu, mhazini, mlinzi wa ghala na yeyote anayeshika funguo za jengo la watu wengi. Sisemi usipige dawa kamwe. Nasema ipigwe panapostahili, baada ya mengine kufanywa.

Na somo hili, kwamba sumu si jibu la kwanza, si geni kwa watu wa kahawa. Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima zao hilo, katika miaka ya 1930. Wakati huo mashamba ya nchi yalikuwa yakisumbuliwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaonyonya utomvu huku sisimizi wakiwalinda. Mwaka 1938 waliletwa nyigu wadogo mno kutoka Uganda, wasiomuuma mtu, wanaotaga mayai ndani ya mwili wa kidung'ata. Nyigu wakafanya kazi iliyowashinda watu. Kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa mpya za viwandani zikamwagwa kwenye kahawa, zikaua maadui na marafiki pamoja, na viwavi waliokuwa hawana sifa yoyote wakageuka janga. Shule haina kahawa bwenini, lakini ina buibui, mijusi, popo na bundi, na hao wote hula wadudu au panya bila kuleta ankara.

Daftari kwanza

Nunua daftari moja la kawaida, lifunge kwa kamba mlangoni mwa ofisi, na uandike mistari minne juu ya ukurasa: nini kimeonekana, wapi, lini, na nani amekiona. Mpishi akiona mende nyuma ya sufuria saa mbili usiku, aandike. Mwanafunzi akiumwa usiku, matroni aandike namba ya kitanda. Baada ya mwezi mmoja daftari litakuonyesha kitu ambacho fundi wa dawa hawezi kukuonyesha, yaani kwamba tatizo lote limekaa kwenye vitanda vinne na kona moja ya jiko, na vyumba vingine vilivyokuwa vikipulizwa havina kitu.

Pale pasipo na hakika, tega. Gundi ya karatasi chini ya meza ya jikoni itakuambia mende wanatoka upande gani. Unga kidogo uliopepetwa sakafuni jioni utakuonyesha asubuhi nyayo za panya na njia yao. Chukua pia kalamu ya risasi na uzunguke jengo. Kila pengo linaloipitisha, panya mdogo wa nyumbani anapita. Ziba kwa saruji au kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zilizoshindiliwa ndani; povu na mbao panya huvitafuna. Chini ya mlango wa ghala pigilia ukanda wa bati. Sijaona fedha ya shule iliyotumika vizuri kuliko ile ya mfuko mmoja wa saruji na siku moja ya fundi wa kawaida.

Kunguni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo dawa nyingi zaidi humwagwa na ndipo hufaulu kidogo zaidi.

Kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila damu. Likizo ya wiki tatu kwake ni Kwaresima fupi. Mayai yake hushika kwenye nyufa ambako dawa haifiki, na huanguliwa baada ya wiki moja au mbili, zaidi kukiwa na baridi. Dawa nyingi zinazopulizwa ni za jamii ya pairethroidi, ambazo ni nakala ya kiwandani ya sumu iliyomo kwenye ua la pareto, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Wasiokufa hukereka, wakatawanyika. Ukipuliza bweni moja, usishangae wakihamia la jirani.

Kinachowaua bila ubishi ni joto. Joto la zaidi ya nyuzi 50 likimfikia kunguni au yai lake, halimwachi. Kwa hiyo shuka na blanketi zifuliwe kwa maji ya moto kabisa. Maungio ya vitanda, hasa vya mbao, yamwagiwe maji yanayochemka kutoka birikani, moja baada ya jingine, polepole. Mishono ya godoro ipitishwe pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu. Jua husaidia Februari, lakini Julai, Kaaga ikiwa imefunikwa na wingu la Mlima Kenya mpaka saa saba, usitegemee jua. Rudia kazi hiyo baada ya siku kumi, na tena baada ya kumi nyingine, ili kuwapata walioanguliwa.

Kisha uzuie wageni. Siku ya kufungua, masanduku yasiingie bwenini kabla hayajakaguliwa uani, tochi ikimulika bawaba, kufuli na pembe za ndani. Fanyeni hivyo kwa masanduku yote, la mtoto wa mkulima na la mtoto wa mbunge, asije mmoja akaonewa. Kunguni si uchafu wa mtu, na mwanafunzi anayeogopa kuchekwa ataficha mpaka bweni zima liumwe. Vitanda vya chuma vikipatikana, sogezeni kila kimoja mbali na ukuta, na shuka zisiguse sakafu. Nyufa za ukuta zipigwe plasta. Ikiwa baada ya hayo yote daftari bado lina kitanda namba 14, basi hapo, kwenye kitanda namba 14, ndipo fundi aitwe.

Ghala na jiko

Mahindi na maharagwe ndiyo karamu yenyewe. Magunia yakae juu ya mbao, si sakafuni, na pawe na nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta. Panya hapendi njia yenye mwanga na miguu ya watu. La zamani litoke kwanza. Kabla ya kupokea mahindi, yapime ukavu. Njia ya zamani ya chupa na chumvi bado inafaa: chupa kavu, chumvi kavu, kiganja cha mahindi, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayo bado ni mabichi, mrudishie mwenyewe. Kiwango cha Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi yaliyozidi hapo hukaribisha kuvu wa sumukuvu, ambao hakuna dawa ya dumuzi itakayouondoa.

Kwa dumuzi na yule mbaya zaidi ambaye wakulima wetu walimbatiza Osama, tumia magunia yasiyopitisha hewa. Wadudu hupumua hewa iliyomo ndani mpaka ikaisha, wakafa wenyewe. Gunia likitobolewa limekuwa gunia tu, kwa hiyo panya ashughulikiwe kwanza. Na vile vidonge vya kufukiza vinavyotoa gesi ya fosfini visitumiwe kabisa kwenye ghala linalopakana na chumba ambamo mtu analala. Gesi hiyo hupenya ufa, na imeua watu usingizini.

Panya ategwe kwa mtego wa kubana, uliowekwa kando ya ukuta ambako unga ulionyesha nyayo. Panya huogopa kitu kigeni, basi mtego ukae siku tatu au nne ukiwa na chambo cha siagi ya njugu lakini haujategwa. Ukishaona chambo kinaliwa, tega mitego yote usiku mmoja. Sumu ya panya inayouzwa sokoni kwenye vikaratasi visivyo na jina isiingie shuleni hata kwa dakika moja. Hujui ni nini, na daktari naye hatajua atibu nini. Hata ile yenye jina humuua panya polepole, akiwa anayumba uwanjani, na bundi anayemla huila sumu pamoja naye. Najua wengi wetu hatupendi kusikia bundi akilia juu ya paa. Lakini jozi moja ya bundi wenye makinda humaliza panya wengi kuliko mlinzi wako na rungu lake.

Mende wa jikoni hapulizwi. Anawekewa chambo cha jeli, tone dogo kama punje ya mchele, kwenye bawaba za kabati na nyuma ya jiko. Anakula, anarudi kufia shimoni, na wenzake wakila kinyesi chake na mzoga wake nao hufa. Ukipuliza dawa juu ya jeli umeharibu vyote viwili, maana hawataigusa tena. Na usiku jiko lisiwe na tone la maji. Mende huvumilia njaa kuliko kiu, kwa hiyo ule mfereji unaovuja unafuga mende.

Choo na uwanja

Nzi wa choo cha shimo wanamalizwa na bomba la hewa, si bomba la dawa. Ndani ya choo kuwe na giza, na bomba pana la hewa lipande juu ya paa, mdomo wake ukifunikwa kwa wavu imara. Nzi aliyezaliwa shimoni hufuata mwanga, na mwanga pekee anaouona uko juu ya bomba; anapanda, anakwama kwenye wavu, anafia pale. Choo cha namna hiyo kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, na ajabu ni kwamba vingi nilivyoviona vina bomba lakini wavu ulishaoza. Mtu apande na ngazi mara moja kwa mwaka.

Majani ya kwenye vijia, fyeka. Yanayoota katikati ya mawe, mwagia maji yaliyobaki yakichemka jikoni. Nyasi za uwanja zisikatwe mpaka udongo uonekane. Zikiachwa na urefu wa vidole vinne hufunika magugu zenyewe. Kumbuka pia kwamba mvua ya Aprili na Novemba hubeba kila kilichomwagwa juu ya udongo wetu mwekundu hadi mto Kathita, na Kathita humwaga maji yake kwenye mto Tana. Pairethroidi kidogo tu huua samaki. Na usidanganywe na neno "asili": maji ya tumbaku yana nikotini, ambayo ni sumu kali kuliko dawa nyingi za dukani.

Siafu wakiingia bwenini, toeni watoto na muwaachie jengo. Kwa kawaida watapita wakila mende na mayai yao, kisha waende zao.

Mkataba

Ikifika siku ya kumwita fundi, mwite kwa masharti. Awe na leseni ya Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, PCPB, na kila chupa iwe imefungwa, yenye lebo na namba ya usajili inayoanza kwa herufi za bodi hiyo. Angalia ukanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, isiingie shuleni; njano, uliza mara mbili; bluu na kijani ndizo za kujadiliwa. Zabuni isiandikwe "kupuliza vyumba 32". Iandikwe "kukagua vyumba 32, kutoa ripoti, na kutibu palipothibitishwa", na malipo ya mwisho yatoke baada ya ukaguzi wa pili, wiki nne baadaye. Wengine watakataa. Waache waende.

Tangazo libandikwe kwa lugha ya watu, siku mbili kabla, likitaja dawa, mahali na saa ya kurudi ndani. Chupa tupu zisuuzwe mara tatu, zitobolewe na fundi aondoke nazo. Usimruhusu mpishi abaki na hata moja ya kuwekea mafuta ya taa, maana wiki ijayo itakuwa ya maji.

Shuleni kwetu, muhula wa kwanza baada ya kuanza daftari, fundi alikuja na bomba lake kama kawaida. Matroni alimpa tochi na orodha ya vitanda sita. Alisimama akiitazama ile orodha, kisha akauliza kama tutamlipa pesa zile zile.