Pesa za Ukame na Haki ya Kuuliza

KIJANA: Mzee, mbuzi wangu wameisha kwa ukame. Jirani kapokea pesa za serikali, mimi sijaambulia hata shilingi. Nikiuliza, naambiwa orodha ilitoka juu. Si nimedhulumiwa?

MZEE: Huenda umedhulumiwa, huenda la. Usimshuku jirani kabla hujajua pesa hizo hutolewaje. Hapa Marsabit, na kule Turkana, Mandera na Wajir, upo mpango wa HSNP, wa kuzikinga kaya maskini na njaa, ulioanza 2009. Zipo kaya zinazolipwa mara kwa mara, ukame uwepo usiwepo. Ukame ukizidi, kaya nyingine huongezwa.

KIJANA: Nani huamua kuwa umezidi?

MZEE: Satelaiti hupima ukijani wa malisho. Katika awamu ya pili, iliyoanza 2013, kipimo kikishuka chini ya 20 ukame ulihesabiwa kuwa mkali, na pesa zilifika hadi robo ya kaya. Kikishuka chini ya 10, hadi robo tatu. Kinachotazamwa ni majani ya eneo zima, si mizoga iliyo zizini mwako.

KIJANA: Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza mifugo yote, akose pesa, na hajaibiwa?

MZEE: Anaweza. Na anaweza kuibiwa pia, kisha akaambiwa ni satelaiti. Ndiyo sababu kuona majina tu hakutoshi. Kipimo nacho lazima kijulikane. Mamlaka ya ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila kaunti kame kila mwezi. Anzia hapo. Kisha uliza kaya ngapi zililipwa, kwa vigezo gani, na kila moja ilipata pesa ngapi.

KIJANA: Mimi sijui kuandika. Nani atanisikiliza?

MZEE: Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi la Kiingereza au la Kiswahili, na asiyejua kuandika huandikiwa na ofisa mwenyewe. Kuomba ni bure. Huenda ukalipia nakala. Jibu latakiwa ndani ya siku 21.

KIJANA: Lakini si aibu, jina la maskini kusomwa barazani?

MZEE: Hilo ni la kupimwa kwa makini. Namba ya kitambulisho, simu na ugonjwa wa mtu ni siri yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamkinga. Ila pesa ni za umma. Mkaguzi wa Nairobi hawezi kujua kwamba fulani alihama mwaka jana, au kwamba mjane wa bondeni aliachwa nje. Majirani wanajua. Orodha ikifichwa, mwizi hupata pa kujificha, na aliyelipwa kwa haki huitwa mwizi bure. Mimi nasema jina na kiasi visomwe hadharani.

KIJANA: Nifanye nini basi?

MZEE: Usiende peke yako. Kusanya wenzako, andikeni ombi moja, litieni tarehe, mbaki na nakala iliyopigwa mhuri. Siku 21 zikipita kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia haki ya kupata habari. Pesa hizo ni za umma. Kuuliza zilikokwenda si utovu wa adabu.