Mwili wangu, macho ya darasa

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa kike hapa Bariadi. Nyumbani Maswa nasifiwa nimenawiri. Darasani wanafunzi wananong'onezana juu ya unene wangu. Siku hizi nafundisha nimeketi, ubaoni sisogei. Nifanyeje?

JIBU: Pole, mwalimu. Usukumani wengi bado huona unene ni neema. Mitandaoni hufanywa kichekesho. Sifa hizo na kejeli hizo si vipimo vya afya. Jipime kiuno: kwa mwanamke, kupita sentimita 88 huashiria hatari kubwa zaidi ya kisukari na maradhi ya moyo. Hilo mwulize daktari, si wanafunzi. Kwenye chakula, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) usiiache, punguza kiasi tu. Rudi ubaoni kidogo kidogo, maana kukwepa hukuza hofu. Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki 2, muone mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa.