Kupoteza Kazi: Tuilinde Afya ya Familia



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo lisiloonekana kwenye darubini, lakini linaloleta wagonjwa wengi hospitalini. Jambo hilo ni kupoteza kazi.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Hapa nchini wafanyakazi wengi wa miradi ya afya waliambiwa wasimame kazi kwa ghafla. Hao ni watu tunaoishi nao: washauri nasaha, makarani wa takwimu, madereva, wahudumu wanaowafuatilia wagonjwa majumbani. Kabla ya hapo, mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulifunga shule na kuziacha hoteli za watalii bila wageni. Na wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na watu wengi wakapunguzwa kazini.

Kwa hiyo jambo hili si geni, wala si aibu. Kiwanda kikifungwa, mfanyakazi hodari na mvivu wote hutokea mlango mmoja. Linalotuhusu sisi wauguzi ni hili: familia inaweza kupita katika kipindi hicho bila mtu kuugua, kama itajua la kufanya mapema.

1. KAZI HUTUPATIA NINI ZAIDI YA MSHAHARA?

Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walitoa kitabu juu ya kijiji cha Marienthal, nchini Austria. Kiwanda cha nguo cha kijiji hicho kilikuwa kimefungwa, na karibu familia zote zikabaki bila kazi. Mtu angeweza kufikiri kwamba watu wenye nafasi nyingi wangesoma zaidi na kukutana zaidi. Waliyoyakuta watafiti ni kinyume. Vitabu vya maktaba viliazimwa kwa uchache kuliko zamani. Wanaume walitembea polepole, wakisimama simama njiani, na wengi hawakubeba tena saa. Wanawake, ambao bado walikuwa na kazi za nyumbani, walitembea kwa haraka kuliko waume zao.

Tunajifunza nini? Kazi hutupatia fedha, lakini pia huipanga siku yetu. Hutukutanisha na watu, na hutufanya tuone kwamba tunahitajiwa. Kazi ikiondoka, hayo yote huondoka siku moja. Ndiyo maana hata mtu mwenye akiba anaweza kuugua.

2. DALILI ZINAZOONEKANA

Wiki za kwanza ni kawaida mtu kuwa na huzuni, hasira au woga. Mwili nao husema. Mtu hukosa usingizi, au huamka saa tisa usiku na kuanza kupiga hesabu. Kichwa humwuma, moyo humwenda mbio, tumbo huwaka kama lenye vidonda, hamu ya chakula hupungua. Wengine hukasirikia watoto kwa jambo dogo. Wengine huanza kunywa pombe mchana.

Dalili hizi zikipungua kidogo kidogo, hakuna haja ya kuogopa. Lakini zikidumu kwa zaidi ya wiki mbili, na mtu hataki hata yale aliyoyapenda zamani, huo waweza kuwa ugonjwa wa sonona. Sonona inatibika. Mgonjwa asiambiwe ajikaze. Apelekwe kwenye kituo cha afya kama mgonjwa mwingine yeyote.

3. WIKI YA KWANZA NYUMBANI

Semeni ukweli. Tumewahi kumpokea baba mmoja ambaye kwa miezi miwili alitoka nyumbani kila asubuhi amevaa sare yake ya kazi, akashinda stendi, akarudi jioni. Mkewe hakujua lolote. Alipoletwa kwetu, shinikizo lake la damu lilikuwa 190/110, na madeni ya dukani yalikuwa yameshakuwa makubwa. Siri ilimlemea kuliko shida yenyewe. Mke na mume waambiane siku ile ile. Watoto nao waelezwe kwa maneno machache wanayoweza kuyaelewa: "Baba hana kazi sasa. Tutapunguza matumizi. Ninyi hamkukosea lolote."

Tunzeni saa. Aliyepoteza kazi aamke saa ile ile ya zamani, aoge, avae vizuri, awe na shughuli ya asubuhi na shughuli ya mchana. Atengeneze paa, alime bustani, awapeleke watoto kliniki. Kutembea kwa miguu nusu saa kila siku husaidia usingizi kuja.

Msijitenge. Mwenye shida ndiye hukimbia watu, na kumbe watu ndio wenye habari za kazi. Aendelee kufika katika jumuiya ndogo ndogo na katika misiba na sherehe za majirani, hata kama hana mchango wa kutoa. Nanyi wenye kazi, msimwulize kila mnapokutana naye, "Vipi, umepata?" Mwombeni badala yake msaada anaoweza kuutoa.

4. DAI HAKI YAKO, USICHELEWE

Mtu mwenye huzuni huacha karatasi zake droo, na siku zikapita. Kwa hiyo ndugu wamsaidie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza haya:

(a) Notisi. Anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza kazini, anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake.

(b) Mshahara wa siku alizofanya kazi, na malipo ya likizo aliyokuwa hajaichukua.

(c) Kiinua mgongo. Aliyetumika mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, akiachishwa na mwajiri, hupata angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hapati. Tuchukue mfano. Mtu ana mshahara wa msingi wa shilingi 260,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki, na ametimiza miaka 6. Mshahara wake wa siku ni kama shilingi 10,000. Siku 7 mara miaka 6 ni siku 42. Kiinua mgongo chake kitakuwa shilingi 420,000.

(d) Cheti cha utumishi. Hiki ni cha lazima, na atakihitaji anapoomba kazi nyingine.

Kama anaona ameachishwa isivyo halali, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu siku aliyoachishwa. Siku hizo zikipita, atalazimika kwanza kueleza kwa nini amechelewa, na anaweza kukataliwa. Pia aende ofisi ya NSSF, au PSSSF kwa mtumishi wa umma, aulize juu ya fao la kukosa ajira. Fao hili lilianzishwa baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018. Hutegemea michango aliyokwisha kuchangia, na jinsi alivyoondoka kazini. Kwa hiyo asiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu tu ameombwa kufanya hivyo na mwajiri. Anayeacha kwa hiari yake hapati fao hilo.

5. FEDHA NA CHAKULA

Kaeni mezani na karatasi. Andikeni fedha iliyopo, na mahitaji ya kila wiki. Gaweni fedha hiyo ili idumu miezi mingi iwezekanavyo. Msitumie kiinua mgongo chote kufungua biashara katika mwezi wa kwanza, wakati kichwa bado hakijatulia. Msinunue kwa riba za wakopeshaji wa mitaani, wala mikopo ya haraka ya simu. Deni hilo hukua usiku mkiwa mmelala.

Punguzeni soda, nyama ya kila siku, vocha na nguo. Msipunguze chakula cha watoto wadogo, mama mjamzito na anayenyonyesha. Chakula bora si lazima kiwe cha bei kubwa. Maharagwe, choroko, dagaa, karanga na mboga za majani kama mchicha na matembele hujenga mwili vizuri.

Msiache dawa. Tunaona wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari wanaokata vidonge nusu, au kuviacha kabisa, kwa sababu fedha hakuna. Mwisho wake ni kiharusi, na gharama yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Njoo umwambie mganga wazi kwamba huna kazi. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu inayofaa. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure, kwa hiyo zisiachwe hata siku moja. Kama bima ya afya ilitoka kazini, ulizeni mapema itakwisha lini, na ni bima gani nyingine familia inaweza kujiunga nayo.

Kama mtoto anasoma shule ya kulipia, msione haya kumhamisha. Ada ya shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita.

6. KUTAFUTA KAZI MPYA

Kwanza andika yote unayoyajua kufanya, si cheo chako tu. Karani wa takwimu anajua kompyuta, kutunza kumbukumbu na kuongea na wagonjwa. Anaweza kufaa shuleni, dukani au kwenye chama cha ushirika. Dereva anajua pia kutunza gari. Mpishi wa hoteli anaweza kupika kwa harusi na mikutano.

Pili, waambie watu wengi, tena waziwazi. Usiseme, "Nitafutie kazi yoyote." Sema, "Mimi ni fundi umeme wa miaka minane. Ukisikia mahali wanahitaji fundi, niambie."

Tatu, weka utaratibu. Kwa mfano, maombi matatu kila wiki, na siku moja ya kufuata majibu. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Asiyeweza mtandao asaidiwe na kijana wa nyumbani. Ukikataliwa, kumbuka kwamba nafasi moja huombwa na watu wengi. Ulizia kwa upole ulipopungukiwa, kisha endelea.

Nne, pokea kazi ndogo ya halali wakati unangoja ile kubwa. Kibarua cha siku mbili kinaleta unga, tena kinarudisha saa, watu na heshima. Kwa mama wa nyumbani, vijana na watu wenye ulemavu walio katika vikundi, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kueleza juu ya mikopo isiyo na riba.

Tano, jihadhari na matapeli. Mwajiri wa kweli hakuombi fedha ya fomu, ya usaili wala ya "kukuwekea nafasi". Anayetaka kumpeleka binti yenu kazi za ndani nchi za Uarabuni, mwulizeni mkataba ulioandikwa na jina la wakala, kisha pelekeni karatasi hizo ofisi ya kazi kabla ya binti kuondoka. Hati yake ya kusafiria asimwachie mtu.

7. MPELEKENI HOSPITALI HARAKA

Msisubiri ikiwa mtu anasema amechoka kuishi, au kwamba familia ingepona bila yeye. Ikiwa anagawa vitu vyake au kuaga watu bila sababu. Ikiwa halali kabisa, hali, au anakunywa pombe kila siku. Ikiwa ana maumivu ya kifua, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea.

Anayeongea juu ya kufa asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni nyumbani sumu ya panya, dawa za shambani na kamba. Mwulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimpandi wazo jipya, linampa nafasi ya kutua mzigo. Kisha mleteni. Hatutamcheka wala kumhukumu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yuko aliyepoteza kazi mwaka huu? Nani amemtembelea?
2. Sisi tungeweza kuishi miezi mingapi bila mshahara? Tupunguze nini leo, tungali na kazi?
3. Mikataba yetu ya kazi na kadi za mfuko wa hifadhi ya jamii ziko wapi? Mwenzi wetu anazijua?
4. Ni kazi gani ndogo parokiani ambazo tungeweza kumpa ndugu asiye na kazi, badala ya kuita mtu wa mbali?

Swali la tatu lijibiwe jioni ya leo, kabla ya kulala. Karatasi zikiwa mahali panapojulikana, siku ya shida mtapata nafasi ya kumtunza mtu.