Tuliazimia Vitabu 12

Mwaka jana nyumbani kwetu Karatu tuliazimia kusoma vitabu 12. Mama akaugua, shamba likatushinda, tukasoma vitano tu, usiku, kando ya kitanda chake.

Tuliokawia nacho ni kile cha Bernhard Grzimek juu ya Serengeti, tukimfasiria mama polepole. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro; kitabu kikatoka mwaka uleule. (Mara ngapi tumepita pale kwa basi tukisinzia!) Mama akauliza, “Baba huyo aliandikaje huku analia?” Hatukuwa na jibu. Tulipomweleza kwamba mwaka 1987 baba naye alifariki, majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Haya, someni.”